Gari halina moshi, lakini vumbi lipo

Ndugu zangu mlio hapa London, wengi tunadhani gari la umeme halichafui hewa. Moshi hautoi, ni kweli. Lakini breki zikikamata, matairi yakisagika na lami ikilika, hutoka vumbi laini linaloingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza waliandika mwaka 2019 kwamba vumbi hilo ni asilimia 60 ya chembe ndogo, PM2.5, zinazotolewa na magari barabarani.

Mama mwenye mtoto wa pumu, usisubiri kuvuka ukiwa ukingoni mwa barabara. Hapo kwenye taa ndipo breki zinapofanya kazi. Rudi nyuma, au pita mitaa ya ndani. Na ile pampu ya kinga (wengi huiacha mtoto akichangamka!) mpe kila siku kama daktari alivyoandika.