Mgeni wa Kiswahili katika Kongo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufika

Wageni wengi waliojifunza Kiswahili katika vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya huja Kongo wakidhani kwamba lugha hiyo itawafungulia milango yote. Dhana hiyo ni kweli kwa nusu tu. Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa ufupi, nchi yenyewe, lugha zake na mambo machache yanayomhusu msafiri.

1. Nchi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina eneo la kilometa za mraba 2,345,000 hivi na inapakana na nchi 9. Upande wa magharibi inagusa Bahari ya Atlantiki kwa pwani fupi ya kilometa zipatazo 40. Upande wa mashariki kuna safu ya maziwa: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Mweru. Mto Kongo, ambao sehemu yake ya juu huitwa Lualaba, unavuka ikweta mara mbili. Kwa sababu hiyo hupokea mvua za pande zote mbili, na maji yake hayapungui sana wakati wowote wa mwaka. Lakini kusini, katika Katanga, kiangazi ni kirefu: huanza karibu na mwezi wa Mei na kuendelea mpaka Septemba.

Nchi ina majira mawili ya saa. Ikiwa Kinshasa ni saa sita ya mchana, Lubumbashi ni saa saba, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ni saa nane. Zaidi ya hayo, Wakongo wengi huhesabu saa kwa namna ya Wafaransa, kuanzia usiku wa manane. Mgeni akiahidiwa "saa mbili", na aulize ni ipi.

2. Lugha

Kifaransa ni lugha rasmi. Lugha za taifa ni nne: Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili. Mjini Kinshasa mgeni atasikia Lingala. Kiswahili kinatawala mashariki na kusini-mashariki, toka Ituri mpaka Katanga.

Kiliingia kwanza na misafara ya wafanyabiashara katika karne ya 19, iliyovuka Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo. Baadaye migodi ya shaba ilikieneza. Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka wa 1910, ulikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Zambia ya leo, nao wakahitaji lugha moja ya kusikilizana.

Ndiyo maana Kiswahili chetu kina sura yake. Lubumbashi husemwa "bantu banakuya", yaani watu wanakuja. Ugali ni "bukari". Kuomba ni "kulomba". Mtu akisema "alimupika mutoto", hakuna aliyetiwa chunguni: mtoto amepigwa. Mgeni asiharakishe kuwasahihisha watu. Hayo si makosa ya wasiokwenda shule. Ni kanuni ambazo mtoto wa Lubumbashi huzipokea kwa mama yake. Anayesahihisha kila neno sokoni atajibiwa kwa Kifaransa, na mazungumzo yatakwisha.

3. Safari na adabu

Kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege, na ndege ndiyo njia ya kawaida kwa msafiri mwenye haraka. Wageni wengi huhitaji viza, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha lazima. Faranga ya Kongo, iliyoanza mwaka wa 1998, hutumika pamoja na dola ya Marekani; lakini noti ya dola iliyopasuka, hata kidogo, hukataliwa.

Mtu mzima huitwa "papa" au "mama", hata kama mgeni amemzidi umri. Salamu hutangulia swali lolote. Picha hupigwa kwa ruhusa, na kamwe si ya daraja, uwanja wa ndege au askari.

Kuhusu usalama, mashariki si sawa na nchi nzima. Waasi wa M23 waliteka Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari. Kabla ya kuelekea Kivu au Ituri, mgeni na aulize ubalozi wake na wenyeji wa mahali penyewe. Wala asiipime Kongo yote kwa habari za vita: mamilioni ya watu wanaozungumza Kiswahili hapa wanalima, wanasoma, wanafanya biashara, nao humkaribisha kwa furaha mgeni anayekuja kusikiliza.