Mji wa Mto wa Mchanga

Dodoma ina mto, ila mgeni anaweza kukaa miezi sita asiuone. Kinyasungwe Mdogo, unaokusanya maji ya eneo la jiji na kuyapeleka bwawa la Hombolo, kiangazi huwa mchanga mtupu. Mvua huanza Desemba na kukoma Aprili, nayo ikinyesha kwa nguvu korongo lililokuwa njia ya mbuzi asubuhi hujaa jioni hadi magari yakagoma. Desemba 2009 mafuriko ya bonde hilo upande wa chini yaliibomoa Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi kadhaa.

Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wamejipanga kwa mto wa namna hiyo tangu zamani, na mimi naamini mila zao nyingi zinaeleweka vizuri zaidi ukianzia kwenye mchanga huo. Kiangazi kikikaza, akina mama hushuka korongoni na kuchimba. Shimo likifika kiunoni mchanga hubadilika rangi, kisha maji hujichuja polepole kutoka pembeni. Hayachotwi kwa ndoo. Mtu huteka kwa kata, akamimina kidogo kidogo, akasubiri yajae tena, na anayefuata husubiri zamu yake.

Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo ikiwa na kiu. Watemi wa Ugogo waliitoza hongo ndipo ipite. Wasafiri wa Ulaya, Burton na Stanley miongoni mwao, waliyalalamikia sana malipo hayo vitabuni mwao. Lakini maji na nafaka walivyovikuta njiani vilikuwa jasho la watu, na msafara wa mamia ya wapagazi ungeweza kukausha visima vya kijiji kizima. Mwenyeji alikuwa na haki ya kudai.

Nyumba ya jadi, tembe, nayo ni jibu la nchi hii. Kuta fupi za miti na udongo, paa bapa la udongo lililolazwa juu ya boriti, vyumba vikizunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Jua la Oktoba likiwa kali nje, ndani ni baridi. Paa ndilo uwanja wa kuanikia: mtama, kunde, na majani ya porini ya mlenda, ambayo yakikauka hupondwa yakawa unga wa kuhifadhiwa hadi miezi ya njaa. Matembe mengi yaliachwa watu walipohamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bati likachukua nafasi yake. Bati halivuji, sikatai, ila saa nane mchana wa Novemba ndani yake hapakaliki.

Njaa ndiyo iliyofundisha mengine. Ile iitwayo Mtunya, ya 1917 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosa. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Mgogo mwenye mifugo hakuiweka yote zizini kwake. Ng'ombe wengine aliwakabidhi kwa ndugu na marafiki wa mbali, wawachunge na kunywa maziwa yao. Ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande wa pili hubaki mbegu. Undugu na akiba vilikuwa kitu kimoja.

Si kila desturi inastahili kubebwa. Ukeketaji ulikuwa umeenea mno mkoani: utafiti wa kitaifa wa 2015–16 uliukuta kwa wanawake 47 kati ya kila 100. Sheria iliyopitishwa 1998 inaharamisha kumfanyia msichana kitendo hicho, na ngoma za unyago zinaweza kuchezwa bila wembe. Ngoma ya muheme, wanawake wakiwa wameibana kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, haipungukiwi kitu.

Kisha serikali ikaja. TANU iliamua 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma; agizo la kuhama kweli kweli likatolewa 2016, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, kando ya barabara ya Morogoro, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji. Wakazi wa jiji walikuwa 410,956 katika sensa ya 2012. Mwaka 2022 wakafika 765,179. Mtumishi aliyetoka Dar es Salaam anajifunza kusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na mchana kwa mama lishe anaagiza ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga. Mboga iliyokuwa ya njaa sasa inaliwa na makatibu wakuu, jambo linalonifurahisha.

Kinachonisumbua ni maji. Jiji linategemea sana visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Kwa kazi, kila kisima ni lile shimo la korongoni, ila limechimbwa kwa mashine: maji yaliyojichuja ardhini, yanayohitaji muda wa kurudi. Lakini zamu imesahaulika. Nyumba mpya zina bustani za majani mabichi, na maji ya mapaa makubwa yanatiririka hadi kwenye mitaro ya lami, kisha korongoni, bila tangi hata moja njiani. Bwawa la Farkwa kwenye mto Bubu limo katika mipango, na ni zuri. Hata hivyo mapaa ya wizara tayari yapo, na mvua ya Desemba haisubiri mkandarasi. Kibali cha ujenzi Mtumba kisitolewe kwa jengo lisilokuwa na tangi la kuvunia mvua, na wazee wa kata, wanaojua kila korongo linakopita, waitwe kabla ramani ya viwanja haijapigwa muhuri.