Tamthilia moja, saa tofauti: Ratiba ya runinga inavyogusa familia

JIONI familia inapokutana sebuleni, tamthilia ndiyo inayopanga mambo mengi: chakula kiwe mezani saa ngapi, watoto waende kulala saa ngapi, hata bibi apigiwe simu kabla au baada. Lakini saa hiyo haipangwi nyumbani. Hupangwa na kituo, na kituo cha eneo moja si lazima kifuate saa ya kituo cha eneo jingine.

Uingereza waliwahi kuonja uchungu wa jambo hilo. ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1955, haikuwa kampuni moja bali mtandao wa kampuni za maeneo mbalimbali. Granada ilihudumia kaskazini, ATV ilihudumia katikati ya nchi, na London nayo ilikuwa na kampuni zake. Kila moja ilikuwa na nafasi ya kuamua ionyeshe nini na saa ngapi.

Novemba 1964 ATV ilianza kuonyesha Crossroads, tamthilia ya hoteli ndogo ya wasafiri karibu na Birmingham, iliyosimamiwa na mjane Meg Richardson. Nafasi ya Meg iliigizwa na Noele Gordon. Wakosoaji waliicheka, lakini watu waliokuwa nyumbani jioni, hasa kina mama na wazee, waliipenda kama jirani yao. Hata hivyo, mikoa haikuionyesha kwa pamoja, na watu wa eneo la Granada hawakuipata hadi mwaka 1972.

Walioachwa nyuma

Kisa kikubwa kilitokea London mwaka 1968. Kampuni mpya ya Thames ilipochukua matangazo ya siku za kazi, iliiondoa Crossroads kwenye ratiba. Watazamaji walilalamika, akiwamo Mary Wilson, mke wa Waziri Mkuu wa wakati huo, Harold Wilson. Thames ikasalimu amri na kuirudisha.

Lakini ilipoirudisha, ilianzia pale ilipoachia. Kwa hiyo London ikawa nyuma ya wenzao kwa takriban miezi sita, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1975. Chukua mfano wa mama wa London mwenye dada Birmingham. Dada anajua nani ameolewa na nani amefukuzwa kazi, ilhali yeye bado anasubiri. Akipiga simu kumsalimia, huenda akasimuliwa mambo ya miezi sita mbele. Mada iliyowaunganisha ndugu sasa inabidi ikwepwe.

Mtaa unaofahamika

Mfumo huohuo wa maeneo ulileta faida upande wa mandhari. Kampuni ya eneo ilitengeneza hadithi za watu wake. Coronation Street ya Granada, iliyoanza Desemba 9, 1960, ilipeleka nchi nzima kwenye mtaa wa wafanyakazi wa kaskazini, wenye lafudhi ambayo haikuwa ikisikika sana runingani. Wales walipata Pobol y Cwm mwaka 1974, kwa lugha yao wenyewe. BBC nayo ilipoanzisha EastEnders mwaka 1985, iliweka hadithi mashariki mwa London.

Kwa mzazi, hilo si jambo dogo. Mtoto anayesikia lafudhi ya bibi yake kwenye runinga hujifunza kuwa lugha ya nyumbani si ya kuonewa aibu.

Hali ya hapa kwetu

Afrika Mashariki nayo ina tofauti zake. Kenya, habari za Kiswahili husomwa saa 1 usiku na za Kiingereza saa 3, na katikati yake tamthilia za nyumbani hupata nafasi. Maria, iliyoanza Citizen TV mwaka 2019, ilionyeshwa saa 1:30 usiku. Ilimhusu binti wa mtaa wa mabanda Nairobi aliyeingia katika nyumba ya matajiri. Sultana, iliyoanza mwaka 2022, ilihamisha macho ya watazamaji hadi Pwani. Tanzania, saa 2 usiku ni wakati wa taarifa ya habari katika vituo vikubwa, hivyo tamthilia hupangwa kabla au baada ya hapo. Zikipangwa baada, mzazi hulazimika kuchagua kati ya kukaa na watoto mbele ya runinga na kuwawahisha kitandani.

Siku hizi sehemu iliyopita hupatikana kwenye simu, lakini raha ya kutazama pamoja haipatikani kwa kila mtu kuinamia simu yake. Familia inaweza kuchagua tamthilia moja tu ya kutazama kwa pamoja, inayofaa umri wa watoto, na kazi za shule zikamalizwa kabla haijaanza. Na kwa ndugu walio mbali, kanuni ni rahisi: kabla hujaanza kusimulia, muulize kwanza mwenzako amefikia wapi.