Masomo ya mtandaoni mkoani Mara: nani atapiga kengele?

Kuahirisha masomo ni hali ya mwanafunzi kuisogeza mbele kazi aliyokwisha kukusudia kuifanya, bila sababu ya lazima, huku akijua kwamba ucheleweshaji huo utamletea hasara. Maana hiyo inaitenga tabia hii na mambo yanayofanana nayo kwa nje tu, kwa kuwa muuguzi wa Musoma aliyeitwa zamu ya dharura amezuiwa kusoma, na mwalimu wa Bunda aliyekatikiwa umeme kabla hajawasha kompyuta hana kosa la kujibu. Anayeahirisha ni yule mwenye muda, mwenye bando na mwenye nia, ambaye hata hivyo hufungua simu ili asome, akapitia kwanza ujumbe wa WhatsApp, na saa nne ya usiku ikamkuta hajamaliza ukurasa mmoja.

Suala hili ni zito mkoani Mara kwa sababu masomo ya mbali yamewafikia watu wengi ambao zamani wangelazimika kuchagua kati ya kazi na chuo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kina kituo cha mkoa mjini Musoma, na masomo ambayo hapo awali yalitegemea vitabu na posta sasa hutolewa kwa sehemu kubwa kupitia mtandao. Hivyo mtumishi wa umma wa Butiama anaweza kusomea shahada bila kuacha ajira wala familia yake.

Wazo la kuunganisha elimu na kazi si geni katika mkoa huu. Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama cha TANU mwezi Novemba 1974, linakumbukwa zaidi kwa kuagiza kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, lakini liliagiza pia kwamba wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ili wafike darasani wakiwa na uzoefu wa maisha. Mwanafunzi mtu mzima, mwenye mshahara na majukumu, alithaminiwa hapo kuwa mwanafunzi kamili. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa wakati ule, akishaingia chuoni, alikuta ratiba imekwisha kupangwa, ilhali wa mtandaoni hukabidhiwa masomo yote kwa pamoja na kuachiwa ajipangie mwenyewe.

Hapo ndipo chanzo cha tatizo kinapoonekana. Shule ya kawaida humsaidia mwanafunzi kwa mambo ambayo yeye huyaona kuwa madogo: kengele, daftari la mahudhurio, jicho la mwalimu na mwenzake wa dawati anayeandika. Masomo ya mtandaoni yanapoyaondoa yote hayo, mzigo wa kuyafidia humwangukia mtu mmoja aliyechoka baada ya kazi ya siku nzima. Mwanasaikolojia Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, aliyekusanya na kuchambua tafiti nyingi mwaka 2007, alionyesha kwamba watu huahirisha zaidi kazi yenye malipo ya mbali, kazi wasiyoipenda na kazi wasiyo na imani ya kuiweza, hasa pale vishawishi vya karibu vinapokuwa vingi. Masharti hayo yote hukutana kwenye simu ya mwanafunzi, kwa kuwa shahada iko mbele kwa miaka kadhaa, ilhali mpira na video za kuchekesha zimo katika kioo kilekile chenye kitini. Si ajabu kwamba uchambuzi wa kozi za mtandaoni za MITx na HarvardX zilizo wazi kwa kila mtu, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba asilimia 3 hivi tu ya washiriki ndio waliozimaliza.

Kwa hiyo kumwita mwanafunzi huyo mvivu hakumsaidii, na linalomsaidia ni kujengewa upya utaratibu ulioondolewa. Hatua ya kwanza ni kubadili nia ya jumla kuwa mpango wenye saa na mahali. Mtafiti Peter Gollwitzer wa Ujerumani na wenzake wameonyesha mara nyingi kwamba anayeamua mapema lini na wapi atafanya kazi fulani huelekea zaidi kuitimiza kuliko anayesema tu kwamba ataifanya. Mpango huo sharti ulingane na kalenda ya kazi ya mhusika. Mvuvi wa dagaa wa Musoma au wa Bunda, anayekesha ziwani kwa taa siku za giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, atashindwa akijipangia kusoma kila usiku, lakini anaweza kuzifanya siku za mbalamwezi kuwa siku zake za kozi.

Hatua ya pili ni kuigawa kazi kubwa na kuipa kila sehemu tarehe yake. Katika utafiti wa Dan Ariely na Klaus Wertenbroch uliochapishwa mwaka 2002, washiriki waliopewa tarehe zilizopangwa kwa nafasi sawa walifanya vizuri kuliko waliojipangia wenyewe, na waliofanya vibaya zaidi ni wale walioachiwa tarehe moja ya mwisho. Fundisho kwa vyuo ni kwamba zoezi fupi la kila wiki lina faida kuliko kazi moja nzito mwishoni mwa muhula.

Hatua ya tatu inahusu simu yenyewe. Mwanafunzi anayepakua vitini na video mapema, kisha akazima data wakati wa kusoma, huokoa bando, hujikinga na mtandao unaokatika, na hujiondolea ujumbe unaomkatiza.

Hatua ya nne, ambayo huenda ndiyo yenye nguvu zaidi, ni kutosoma peke yake. Watu wa Mara wanaufahamu vizuri utaratibu wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ambapo wanachama hukutana siku ileile kila wiki, hununua hisa mbele ya wenzao, na anayechelewa hulipa faini. Kikundi cha wanafunzi wanne au watano kinaweza kuendeshwa kwa kanuni hizohizo, kila mmoja akija na muhtasari wa sura aliyosoma badala ya fedha, kwa kuwa mtu mzima aliyezoea kujivunjia ahadi mwenyewe huona haya kuivunja mbele ya wenzake.

Bado kutakuwa na wiki zitakazopotea. Utafiti wa Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya mtihani uliofuata, kwa sababu anayejilaumu kupita kiasi huanza kulikimbia somo linalomkumbusha aibu yake.

Wajibu huu haumhusu mwanafunzi pekee. Mwajiri anayeheshimu saa ya kusoma ya mfanyakazi wake, mkufunzi anayejibu swali kabla halijapoa, na familia inayomwachia mama wa nyumba saa moja ya utulivu bila kumtuma, wote wanachangia shahada hiyo. Milango ya elimu ilikwisha kufunguliwa kwa gharama kubwa ya taifa, na walioingia kupitia milango hiyo wanastahili kusaidiwa hadi wahitimu.