Mafaili ya .h: kwa nini programu kubwa ya C inachelewa kukompaili?

Umebadilisha mstari mmoja tu kwenye programu yako ya C, na kompyuta imeanza kukompaili upya mafaili mia mbili. Umeme wa Nshambya umekatika, betri ya laptop inakaribia kuisha. Shida iko wapi? Mara nyingi iko kwenye mafaili ya .h.

Faili la .c lina kazi yenyewe. Faili la .h ni tangazo tu: linaeleza kuna kazi zipi, zinapokea nini na zinarudisha nini. Ukiandika `#include "malipo.h"`, faili hilo lote linanakiliwa na kubandikwa hapo, neno kwa neno. Kama nalo lina `#include` zake, nazo zinabandikwa. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akuletee chumvi, akarudi na duka zima!

Wengi hudhani `#ifndef` pale juu ya faili inamaliza tatizo. Hapana. Inazuia faili kusomwa mara mbili ndani ya .c moja. Lakini kila .c hukompailiwa peke yake, kwa hiyo ukiwa na .c mia mbili, maandishi yaleyale yanasomwa mara mia mbili.

Linux, kiini kinachoendesha hata simu yako ya Android, kimepitia haya. Faili lake `sched.h` lilikuwa limebeba mambo mengi mno, na mwaka 2017 likagawanywa katika mafaili madogo. Januari 2022 Ingo Molnar alileta mabadiliko zaidi ya 2,200 ya kupanga upya mafaili ya .h, akieleza kuwa kasi ya kukompaili inapanda kwa asilimia 50 hadi 80. Kazi hiyo haikuingizwa yote kwa mkupuo. Kuna vipande vilivyoingizwa polepole.

Sasa wewe ufanyeje? Tuseme unaandika programu ya AMCOS ya kupokea kahawa ya wakulima wa Bukoba na Muleba.

Kwanza, faili la .h lijitosheleze: `malipo.c` ianze na `#include "malipo.h"`. Kikikosekana kitu, kompaila itakwambia hapohapo.

Pili, usivute usichohitaji. Kama `malipo.h` inataja pointa tu, hii inatosha:

`struct mkulima;`
`void lipa(struct mkulima *m);`

Pointa ni anwani. Bodaboda akipewa anwani ya nyumba, hahitaji kujua ina vyumba vingapi. Anayefungua nyumba ni `malipo.c`, basi hiyo ndiyo ivute `mkulima.h`.

Tatu, mambo ya ndani yabaki ndani. Kazi inayotumika na faili moja tu iandikwe `static` kwenye .c, isitangazwe kwenye .h.

Hili si suala la usafi tu. Mwenye kompyuta ya nguvu hatahisi tofauti kubwa. Mwenye laptop ya mtumba akisubiri nusu saa kila akijaribu jambo, ataacha mradi, na mradi utakuwa umempoteza.

Jaribu leo: `gcc -E faili.c | wc -l`. Hata programu ya `printf` moja itakupa mistari mia kadhaa. Kisha `gcc -H -c faili.c` ikuonyeshe nani kamleta nani. Ukikuta faili ambalo hujui limeingiaje, anzia hapo.