Tanboi wa Msimu ni Mfanyakazi wa Nani?



Kila mwaka, Krismasi inapokaribia, malori ya soda, bia, sabuni, unga na sukari huongezeka barabarani. Duka lililokuwa likichukua kreti 20 kwa wiki sasa linataka 60. Dereva na tanboi wake wa kudumu hawawezi tena kumaliza njia yao kabla ya usiku. Hapo ndipo anapoongezwa mtu wa tatu, kijana wa kibarua, wa wiki 4 au 6 hivi. Januari ikifika haonekani tena. Mashambani ni vile vile wakati wa kukata miwa: dereva ni yule yule, lakini wapakiaji hubadilika kila msimu.

Sisi hapa Uganda tunamwita tanboi. Ndugu zetu wa Tanzania wanamwita utingo. Kazi yake ni moja: kupakia na kupakua, kuhesabu kreti, kufunga turubai, kuweka jiwe chini ya tairi mlimani, kumwongoza dereva akipiga rivasi, na kulinda mzigo wakati dereva yuko dukani anapokea pesa. Bila yeye gari halifiki.

Leo nataka kueleza swali moja tu: mtu huyu ni wa nani? Ni swali dogo, lakini jibu lake ndilo linaloamua kama atalipwa au hatalipwa, na siku akiumia, kama atatibiwa au ataachwa.

Namna anavyopatikana

Kuna njia mbili. Njia ya kwanza, ofisi yenyewe inamwandika. Jina lake linaingia katika daftari getini, anajua siku za kazi yake, na pesa yake anaipokea kwa karani. Njia ya pili, msimamizi anamwambia dereva, "Tafuta mtu wako." Dereva anapita steji asubuhi, anaona kijana mwenye mabega, anamwita, na kijana anapanda. Hakuna jina wala daftari. Pesa yake inatoka katika posho ya dereva.

Njia hii ya pili ndiyo tunayoiona zaidi, na sababu yake si ngumu. Mwajiri anaipenda kwa kuwa anapata mikono miwili bila kuandika kitu. Lakini tuseme ukweli, ndugu zangu: na madereva wengine wanaipenda. Tuseme ofisi imetoa shilingi 15,000 za msaidizi kwa siku. Dereva anampa kijana 10,000, na 5,000 zinabaki mfukoni. Tena dereva, ambaye siku zote ni mtu wa kuamriwa, sasa naye ana mtu wa kumwamuru. Anajiona bosi.

Hapo ndipo tabia mbaya zinapoanza. Kijana anaitwa "boi" mwezi mzima, jina lake halijulikani. Chupa ikivunjika, hata kama ni barabara mbaya iliyoivunja, anakatwa yeye. Kebini ina nafasi, lakini anaambiwa apande juu ya mzigo. Dereva na tanboi wa kudumu wanakula hotelini, yeye anaambiwa alinde gari, na wakitoka safari inaendelea. Jioni anaambiwa, "Leo pesa haikutosha, kesho." Kesho ikifika, anaambiwa kesho tena. Akilalamika, dereva anajua pa kupata mwingine: steji imejaa.

Mambo haya siyasemi kwa kusikia. Nilianza utanboi mwaka 1999, baada ya kumaliza darasa la 7, na nilifanyiwa yote hayo. Halafu nikawa dereva, na mimi nikafanya.

Jambo nililolifanya

Jioni moja ya Desemba 2009 nilikuwa na lori la soda katika barabara ya kutoka Iganga kwenda Kaliro. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulikuwa watu watatu: mimi, tanboi wangu wa kudumu, na kijana niliyemchukua steji siku 9 kabla. Tulifika duka la mwisho. Tanboi wa kudumu aliingia dukani kuhesabu chupa tupu. Mimi nikaanza kurudi nyuma ili mlango wa lori ukaribie baraza la duka.

Kijana alikuwa nyuma ya gari. Katika siku zile 9 sikuwahi kumwonyesha pa kusimama. Mimi mwenyewe nilifundishwa na aliyenitangulia, nikadhani kila mtu anajua. Nilitazama kioo cha kushoto, sikumwona, nikafikiri yuko kulia. Tairi liliteleza katika matope. Nikasikia akilia. Mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya bodi ya lori na nguzo ya baraza.

Nilimpigia simu msimamizi. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama jina la kijana liko katika hati ya mzigo. Nikamwambia haliko. Akasema, "Basi andika kwamba ni mtu aliyeomba lifti."

Nilikuwa na mke na watoto 3. Niliandika.

Hospitalini muuguzi alimwuliza kijana, "Huyu mzee ni nani wako?" Akajibu, "Huyu ndiye dereva wangu." Karatasi ile ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

Mimi na tanboi wangu tulichanga pesa tuliyoweza. Haikutosha. Kampuni haikutoa hata senti moja, kwa kuwa kwa maandishi yangu mwenyewe haikuwa na mtu pale. Kijana alirudi kwa mama yake akitembea kwa fimbo. Msimu uliofuata nafasi yake ilikuwa na kijana mwingine.

Sheria inasema nini

Nilipoingia katika kazi ya chama ndipo nilipofundishwa mambo ambayo kila dereva na kila kibarua angepaswa kuyajua.

Kwanza, mkataba wa mdomo ni mkataba. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakubali mkataba wa kazi wa maandishi na wa maneno pia. Msimamizi akisema "tafuta mtu wako", na mtu huyo akapakia mzigo wa kampuni kwenye gari la kampuni, kampuni haiwezi kujificha nyuma ya daftari tupu. Kukosa kuandikwa kunafanya ushahidi uwe mgumu, lakini hakufuti kazi iliyofanyika.

Pili, kibarua hawezi kuwa kibarua milele. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua zaidi ya miezi 4. Akifanya kazi mfululizo miezi 4, anastahili mkataba wa maandishi na haki za wafanyakazi wengine.

Tatu, akiumia kazini, mwajiri ndiye anayelipa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe fidia kwa ajali iliyotokea katika kazi, hata kama mfanyakazi mwenyewe alikosea. Akifa na kuacha watu waliomtegemea, fidia yao inahesabiwa kwa mshahara wa miezi 60. Jambo la kushika ni hili: ajali itolewe taarifa kwa mwajiri mapema, mwezi mmoja usipite.

Kwa hiyo yule kijana alikuwa na haki. Kilichoifunga haki yake ni karatasi niliyoiandika mimi.

Wenzetu wanaovuka mipaka wajue pia ya majirani. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Congo, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inasema mtu wa kuajiriwa siku kwa siku akimaliza siku 22 katika miezi 2, na akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, basi ameajiriwa kwa muda usio na mwisho. Hesabu mwenyewe siku za kazi za Novemba na Desemba, uone ni wangapi wanaopita hapo bila kujua.

Dereva afanye nini

Dereva hana uwezo wa kubadilisha kila kitu, lakini haya yanawezekana kuanzia kesho asubuhi:

1. Jina lake liandikwe kabla gari halijatoka. Mwambie karani aandike katika daftari la getini na katika hati ya mzigo. Wakikataa, andika wewe mwenyewe katika daftari lako: jina, tarehe, namba ya gari, njia. Kijana naye awe na daftari lake. Siku ya ajali, daftari hilo ndilo ushahidi wake.

2. Pesa yake aipokee mwenyewe ofisini. Ikipitia kwako, mpe yote mbele ya mtu wa tatu, na siku ile ile.

3. Mfundishe kabla ya kumtuma. Mwonyeshe namna ya kuinua kreti kwa nguvu za miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Mwonyeshe namna ya kupanga mzigo usiegemee upande mmoja, na namna ya kushuka bila kuruka.

4. Mkubaliane ishara za rivasi. Anayekuongoza asimame pembeni, mahali unapomwona katika kioo, asisimame kati ya gari na ukuta. Usipomwona, simama hapo hapo. Shuka umtafute. Dakika moja ya kushuka haijamfukuzisha mtu kazi.

5. Asipande juu ya mzigo. Kama kebini haina nafasi, mwambie msimamizi kwamba gari hilo halichukui mtu wa tatu.

6. Mwite kwa jina lake, na mkila, mle wote kwa zamu.

7. Ajali ikitokea, andika kilichotokea. Usiandike unachoamriwa kuandika. Mpigie simu mwakilishi wa chama kabla hujatia sahihi karatasi yoyote.

Na wewe tanboi wa msimu una wajibu wako. Fika mapema na hesabu mzigo kwa uaminifu. Usinywe pombe kazini. Kama hukuelewa, uliza. Kuuliza si aibu.

Na walio kiwandani na shambani?

Mwenzangu wa kiwandani, usiseme jambo hili ni la madereva tu. Wewe karani wa stoo ndiye unayeandika hati. Askari wa getini ndiye anayeona ni watu wangapi wanatoka na gari. Mkata miwa ndiye anayemwona mpakiaji akining'inia juu ya lori. Mkikubaliana kwamba gari halitoki mpaka kila aliye ndani ameandikwa, mwajiri ataandika, kwa sababu mzigo wa Krismasi haungoji.

Tena kuna jambo la faida yenu wenyewe. Mwajiri akipata mtu asiye na jina kwa bei rahisi, kesho atauliza kwa nini anamlipa mwenye jina. Tanboi wa kudumu anayemdharau yule wa msimu anasaidia kuchimba shimo lake mwenyewe.

Hapa Uganda madereva walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza kabisa kuunda chama, mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wa ukoloni.  Si vizuri sisi tulioshika usukani baada yao tumwite mwenzetu "boi".

Kabla msimu haujaanza, mwakilishi wa kila depo na kila shamba aitishe mkutano mfupi, ajali hii ielezwe, na ofisi ipelekewe ombi moja: kila msaidizi aandikwe jina. Tukilipata hilo, mengine tutayadai tukiwa na ushahidi mkononi.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.