Taji la kulungu hujengwa na mbavu zake

Wawindaji wa Uingereza wana jina kwa kila tawi la pembe za kulungu dume mwekundu. La chini, juu ya jicho, huitwa ‘nyusi’. Yaliyokusanyika kileleni ni ‘taji’. Dume mwenye ncha 12 huitwa ‘wa kifalme’.

Taji hilo lina gharama. Pembe hizo ni mfupa, huanguka kila mwaka na kuota upya kwa miezi michache. Madini ya chakula hayatoshi, hivyo mwili huchota mengine mbavuni, kisha huyarudisha pole pole.

Mama anayenyonyesha naye hutoa kalsiamu ya mifupa yake. Kwa kawaida hurudi mtoto akiacha ziwa. Dagaa, maziwa na mboga za majani visikosekane sahanini mwake.